Ligi ya Ekseli: Ipi Kubwa, Ipi Nzito, Ipi ya Mwendo wa Kinyonga

Simamisha tairi la inchi 35 ukutani. Kimo chake ni sentimita 89, sawa na mtoto wa miaka miwili na nusu. Sasa lifunge kwenye gari lililotoka kiwandani na matairi ya inchi 29, liingize kwenye mawe, kisha kanyaga mafuta. Injini itaunguruma, giaboksi itavumilia. Kitakacholia "tak!" ni ekseli, chuma kilicho kati ya magurudumu mawili, ambacho wengi hawakikumbuki mpaka siku kinapokatika.

Dawa yake inajulikana na kila fundi wa magari ya porini: tafuta gari zito zaidi lililo tayari kuchinjwa, ng'oa ekseli zake, zihamishie kwenye lako. Kenya wanaijua kazi hii vizuri kwa sababu ya Rhino Charge, shindano lililoanza mwaka 1989, ambamo gari hupewa saa 10 kufika vituo 13 porini, na mshindi ni aliyetumia umbali mfupi kuliko wenzake. Umbali mfupi maana yake hakuna kuzunguka korongo. Unashuka, unapanda, na ekseli ndiyo inayolipa.

Kwa hiyo leo tunazipanga ekseli kama timu za ligi. Sharti ni moja: lazima iwe imetoka kiwandani chini ya gari, ikaishia kwenye uwanja wa skrepa. Za kuagizwa mpya kwenye boksi hazina namba hapa.

1. Yenye krauni kubwa kuliko zote

Ndani ya difu, tumbo la ekseli, kuna gia kubwa ya duara, krauni, inayosukumwa na gia ndogo, pinioni. Mafundi wanapobishana ekseli ipi ni babu kubwa, wanaanza na kipenyo cha krauni.

Mkiani kabisa ipo Dana 30, ekseli ya mbele ya Jeep nyingi ndogo: inchi 7.125, yaani milimita 181. Juu yake kidogo ipo Toyota ya inchi 8, ya Hilux za zamani zenye ekseli nzima mbele. Hiyo ni sentimita 20, chapati ya kawaida ya mgahawani. Dana 44 ina milimita 216, kipenyo cha mpira wa miguu wa namba 5. Baada ya hapo tunaingia kwa wakubwa. Nissan Patrol wa miaka ya 1990 ana ekseli iitwayo H233, na jina lenyewe linakutajia kipimo: milimita 233. Ekseli ya nyuma ya Land Cruiser, inchi 9.5, inafika 241. Dana 60 ina 248. Patrol anarudi uwanjani na kaka mtu, H260, milimita 260. Malori mepesi ya Chevrolet na GMC yanaleta ekseli ya bolti 14, iliyopewa jina hilo kwa idadi ya bolti za kifuniko chake: milimita 267.

Bingwa wa orodha hii? Dana 80, inchi 11.25. Milimita 286! Chukua rula ya shule ya sentimita 30, ilaze juu ya krauni hiyo: kinachobaki nje ni sentimita moja na nusu tu.

Lakini tazama kilichojificha kwenye orodha hiyo. Dana 60 ina binamu yake aliyezaliwa Uingereza, Salisbury, mwenye krauni ileile ya inchi 9.75. Salisbury huyo alifungwa nyuma ya Land Rover 109 za Series III na 110 za mwanzo. Gari lile lile lililobeba walimu, waganga wa mifugo na magunia ya kahawa Afrika Mashariki nzima lilikuwa limekalia krauni ambayo Wamarekani wanaitafuta kwa tochi. Kuna kasoro moja: shafti za Salisbury ya Land Rover, zile fimbo zinazozungusha matairi, zina meno 24 tu, ilhali Dana 60 ya lori zito ina 35. Ni tajiri wa krauni, maskini wa shafti. Hapo ndipo medali ya pili inapogombewa.

2. Yenye shafti nene kuliko zote

Dana 44 ya kawaida: shafti ya meno 30, unene milimita 33. Dana 60 ya meno 35: milimita 38. Tofauti ni milimita 5, hazifiki hata unene wa penseli. Mtu wa kawaida anaweza kuzishika zote mbili mkononi asione cha kushangaa.

Chuma kinachosokotwa hakihesabiwi hivyo. Nguvu yake hukua kwa mchemraba wa unene: ukizidisha unene mara mbili, nguvu inakuwa mara nane. Piga hesabu ya milimita hizo 5, ukichukulia chuma ni kilekile, na Dana 60 inatoka na nguvu nusu zaidi ya Dana 44. Ni kama kikosi cha wachezaji 11 kumkabili mpinzani aliyeleta 16.

Kuna swali jingine ambalo kwangu lina uzito kuliko unene: nani anabeba gari? Katika ekseli nyingi ndogo, shafti inazungusha tairi na papo hapo inabeba uzito. Ikikatika, tairi linaweza kuondoka nayo. Dana 35, iliyofungwa nyuma ya Jeep Wrangler nyingi za muundo wa TJ, ina shafti inayoshikiliwa kwa ndani na klipu ndogo yenye umbo la herufi C. Shafti ikivunjika, tairi lako linakupita barabarani na kukusalimia. Katika ekseli za kubeba mizigo, kama za nyuma za Land Rover na za Land Cruiser nzito, uzito unabebwa na habu na beringi zake, na shafti kazi yake ni kuzungusha tu.

Nenda gereji yoyote wanakofungua Land Rover ya zamani uone. Fundi anachuchumaa, gari limesimama kwa matairi yake yote manne, hakuna hata jeki. Anafungua bolti chache za kofia ya habu, anagonga kidogo kwa nyundo, kisha anavuta. Shafti inatoka taratibu, imelowa oili nyeusi, ndefu, kama upanga unaochomolewa alani. Gari halijatikisika. Porini unaweza kuchomoa iliyokatika, ukafunga kofia, ukaingiza mvuto wa mbele na kurudi nyumbani. Kwangu hiyo ni medali ya dhahabu.

3. Wakongwe

Dana 60 ilianza kutengenezwa mwaka 1955, na hadi leo jina hilo liko kazini. Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru. Ilibaki miaka 6. Kenya ilibaki 8. Ford wakaleta ekseli yao ya inchi 9 mwaka 1957 na kuitumia mpaka 1986, miaka 29, umri wa mtu aliyeoa na ana watoto wawili.

Ford hiyo ya inchi 9 inaondoka na rekodi nyingine: pinioni iliyozama kuliko zote hapa. Imeshushwa zaidi ya sentimita 6 chini ya kitovu cha krauni, hivyo meno yanashikana eneo kubwa. Faida ni nguvu, hasara ni joto, kwa sababu meno yanasuguana zaidi yanapotelezeana. Difu yake inachomolewa nzima kwa mbele, kama zile za Toyota, kwa hiyo fundi anaweza kuipanga mezani, akiwa amesimama na kikombe cha chai pembeni. Dana na Salisbury hazina anasa hiyo. Unafungua kifuniko cha nyuma, unalala chali, unafanya kazi oili ikikudondokea kifuani.

4. Nzito kuliko zote

Hapa hakuna mashindano. Jeshi la Marekani lilikuwa na lori la M35, maarufu kama la tani mbili na nusu, na chini yake ekseli za Rockwell. Moja tu inavuka kilo 300. Hiyo ni mifuko 6 ya saruji, na unahitaji mbili! Ile ya bolti 14 ya Chevrolet, ambayo mafundi wa kawaida wanaiona jitu, ina kama kilo 250, mifuko 5.

Wapo wanaofunga Rockwell kwenye gari dogo wakidhani wamemaliza matatizo yote. Ekseli haivunjiki, kweli. Ila uzito huo wote uko chini ya springi, unarukaruka na tairi, na gari jepesi juu yake linatikiswa kama abiria wa kiti cha nyuma cha basi kwenye matuta. Rockwell inadai matairi ya inchi 44 na kuendelea ndipo ukubwa wake uwe na maana. Kwa tairi la inchi 35, ni kumtuma tembo kununua kiberiti.

5. Pana na nyembamba

Umbali kati ya tairi na tairi kwenye Land Rover za Series ni sentimita 131. Bajaji tunazopanda kila siku zina upana wa sentimita 130. Ndiyo, magurudumu ya Land Rover ya babu yako yamekanyaga upana wa bajaji! Defender iliyofuata ilitanuka hadi 149, karibu sentimita 9 kila upande. Ndiyo maana mwenye Series anayetaka kutulia kwenye mteremko wa pembeni huanza kuwinda ekseli za Defender.

Upande wa pili wa mizani ipo Dana 60 ya mbele ya malori ya Ford ya mwaka 1978 na 1979: kama sentimita 175 kutoka uso wa habu hadi uso wa habu, kabla hata ya kufunga tairi. Kitanda cha futi 6 kinaizidi kwa sentimita 8 tu. Ifunge chini ya Suzuki uone gari linavyofanana na kaa.

Na kuna tuzo maalumu ya ndugu wasioelewana. Mwaka 2007 Toyota waliingiza injini ya dizeli ya V8 ya lita 4.5 kwenye Land Cruiser za familia ya 70. Ili injini ienee, pua ya gari ikatanuliwa pamoja na ekseli ya mbele. Ekseli ya nyuma hawakuigusa. Matokeo: nyuma ni nyembamba kuliko mbele kwa milimita 95, na kwenye mchanga matairi ya nyuma hayafuati njia iliyokanyagwa na ya mbele, yanachimba yake mapya. Ukikuta Land Cruiser ya V8 inachinjwa, usichukue mbele na nyuma kwa furaha bila futi kamba mkononi.

6. Iliyo juu kuliko zote

Ekseli ya kawaida ina mpaka usiovukika. Tairi la inchi 35 linaweka kitovu cha gurudumu sentimita 44 kutoka ardhini, na bakuli la difu linaning'inia chini ya hapo. Kadiri krauni inavyokuwa kubwa, ndivyo bakuli linavyokaribia mawe. Ile ya bolti 14 ni nguvu tupu, lakini tumbo lake linaburuta, na Marekani mafundi hulikata na kulichomelea upya. Wenyewe wanasema wanalinyoa.

Wajerumani na Waswidi waliukwepa mpaka huo. Katika ekseli za potali, shafti inafika kwenye gurudumu ikiwa juu ya kitovu, kisha inashuka kwa gia zilizofungiwa kwenye habu. Ekseli nzima inapaa. Unimog 404 ya Mercedes-Benz inaacha sentimita 40 wazi chini yake: rula nzima ya shule na theluthi moja juu. Kuku mtetea anapita na vifaranga wake bila kuinama. Unimog 404 zilitengenezwa kuanzia 1955 hadi 1980, zaidi ya 64,000. Uwanja wa Benjamin Mkapa una viti 60,000. Kila shabiki akipewa Unimog yake, zitabaki zaidi ya 4,000 za kugawa kwa jirani, Uwanja wa Uhuru. Volvo nao walifunga potali kwenye C303, na hizo ndizo ningezitafuta mimi, kwa sababu resho yake ni 5.99, nafuu kidogo kuliko 7.56 ya Unimog. Maana ya resho, na unafuu huo, viko hapa chini.

7. Ya mwendo wa kinyonga, na yenye haraka

Resho ni idadi ya mara propela, shafti inayoleta nguvu kutoka giaboksi hadi difu, inazunguka ili tairi lizunguke mara moja. Tairi la inchi 35 likizunguka mara moja linatambaa mita 2.79. Propela ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, tuondoke Dar es Salaam kwenda Morogoro, kilomita 190, bila kusimama popote.

Defender yenye resho ya 3.54 inakimbia kilomita 95 kwa saa: saa 2 umefika. Land Cruiser ya 4.11 inakwenda 81, karibu sawa na ukomo wa mwendo wa basi la abiria: saa 2 na dakika 20. Volvo ya 5.99 inafika 56 kwa saa. Rockwell, 6.72, inafika 50. Unimog 404, 7.56, inakokota kilomita 44 kwa saa na kufika baada ya saa 4 na dakika 17. Wenzako wameshakula, wamelipa, wamelala.

Sasa geuza mashindano: mshindi ni wa mwisho! Defender yenye giaboksi ya R380, gia ya kwanza, gia za chini, injini ikizunguka mara 800 tu bila mguu kwenye mafuta. Kwa difu zake za asili inavuka uwanja wa mpira wa mita 105 kwa dakika 2. Ikipachikwa ekseli za Unimog inachukua zaidi ya dakika 4. Mwendo huo ni chini ya kilomita moja na nusu kwa saa, na kwenye mawe ndio unaookoa vyuma, kwa sababu tairi linapanda jiwe badala ya kulipiga.

8. Yenye marafiki wengi

Nati 6 kwenye duara la milimita 139.7. Toyota Hilux, Land Cruiser za zamani, Patrol, Mitsubishi Pajero: rimu zinaazimana kama majirani wanavyoazimana chumvi. Land Cruiser 78 na 79 za kuanzia 1999 zilihama kundi zikaenda kwenye nati 5 na duara la milimita 150.

Kichekesho cha ligi kiko kwenye duara la milimita 165.1. Land Rover analo, akiwa na nati 5. Ekseli ya bolti 14 ya Chevrolet inalo, ikiwa na nati 8. Duara lilelile hadi sehemu ya kumi ya milimita, na rimu haziingiliani hata kwa dua.

9. Kombe la jumla

Kabla ya kombe, kipimo ambacho hakina rekodi lakini kimewaliza wengi: tumbo la difu ya mbele liko upande gani? Ukiwa umekaa garini ukitazama mbele, Land Rover na Hilux wanalo kulia. Jeep Wrangler na malori ya Ford wanalo kushoto. Ekseli za Chevrolet za zamani zinalo kulia. Propela ya mbele inatoka kwenye boksi la gia za chini upande wake, na ukileta ekseli ya upande mwingine, propela italazimika kupita kwenye sampo ya oili. Mwenye Land Rover akisikia Dana 60 ya Ford inauzwa bei ya kutupa, atulie. Ya kwake ni ile ya Chevrolet.

Kwa Afrika Mashariki, hukumu yangu ni hii. Kombe halimwendei Dana 80, wala Rockwell, wala Unimog. Linamwendea Patrol mwenye H233 mbele na nyuma. Krauni ya mbele ni milimita 233 wakati Land Cruiser wengi wanajitetea na 203, na nati ni zile 6 za kila mtu. Land Cruiser anashika nafasi ya pili, amebebwa na ekseli yake ya nyuma, na mashabiki wake wataniandikia. Waandike. Salisbury ya Land Rover inapata medali ya shaba, na ingepanda juu kama ingekuwa na mwenzake mbele.

Bei na rangi ya chuma visikuharakishe. Mwaka mmoja nililetewa jozi "ya gari moja", nikalipa, tukafunga siku mbili. Mbele ilikuwa 3.9 na nyuma 4.1. Kwenye mvuto wa magurudumu manne gari lilijikaza mpaka likagoma kwenda, kama punda wawili waliofungwa mkokoteni mmoja kila mmoja na safari yake.

Kwa hiyo, ukifika kwa muuza skrepa, omba dakika tano. Zuia habu ya upande mmoja isizunguke, zungusha ya pili mara 2 kamili, huku mwenzako akihesabu mizunguko ya pinioni. Mitatu na nusu ni 3.54. Minne na kitu kidogo ni 4.11. Hesabu mbele, hesabu nyuma, kisha ndipo uulize bei.